Simba Mmoja Shilingi Ngapi?

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi Jumapili saa tatu usiku, hata begi sijalifungua. "Mhazini, naomba mchanganuo. Nimetoa 70,000. Simba sijamwona, tembo sijamwona, hata ngiri wa kusingizia sijamwona. Simba mmoja shilingi ngapi?" Aliyeandika ni mwenzetu wa nyaraka za forodha, ambaye ofisi nzima tunamwita Chifu. Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka, na wawili wakaongeza, "Naunga mkono hoja."

Mhazini ni mimi. Sikugombea. Ukiwa mhasibu kwenye ofisi ya watu 18, kila msiba, kila harusi na kila kichenpati, daftari linakufuata lenyewe. Michango ya safari hii nilianza kuikusanya mwezi wa tano kwa awamu tatu, na wapo walionilipa awamu ya mwisho tukiwa Muheza, gari limesimama tunanunua machungwa.

Basi hoja ya Chifu nimeamua kuijibu hapa kwa nafasi, maana kwenye kundi nitaonekana nagombana.

Nianze na kura, kwa sababu kuna watu wanajifanya hawakuwepo. Palikuwa na chaguo mbili za safari ya ofisi, hifadhi ya taifa ya Saadani na msitu wa Amani. Saadani ina simba, tembo na bahari mahali pamoja, na sifichi, mimi mwenyewe niliipigia Saadani. Tukashindwa 10 kwa 8. Upande wa Amani walisema mambo mawili: ni nafuu, na kuna baridi. Hilo la baridi lilisemwa na watu waliokuwa wameshanunua masweta.

Jumamosi tuliondoka Tanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa Coaster ya kukodi. Kijana wetu wa kompyuta alikuja na spika kubwa kama ndoo, ikawa singeli kutoka Tanga hadi Muheza, na kutoka Muheza mpaka lami ilipotuishia na vumbi likaanza kuingia madirishani. Dereva, tuliyemwita Mjomba, hakusema neno. Alikuwa akipandisha kioo chake tu, kila wimbo ukibadilika.

Getini Sigi tulikaa kama saa nzima tukisubiri kontroo namba ya kulipia kiingilio. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, kama wale wageni wa Tanga wa ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Wenzangu walikasirika, lakini mimi kwa kusubiri huko ndipo nilipoifahamu ile nyumba tuliyokuwa tumeiegemea. Ilikuwa nyumba ya stesheni masta. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walileta hapo reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, kwa ajili ya kushusha magogo. Reli yenyewe haipo tena. Nyumba imekarabatiwa na sasa wageni ndipo wanapopokelewa na kupewa maelezo. Kwa hiyo mahali tulipokuwa tukigombania mtandao palikuwa, tangu zamani, mahali pa kutolea mzigo, na sisi ofisi nzima kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Nilimwambia Chifu. Akaniuliza kama kontroo namba imetoka.

Ilipotoka, nililipia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Naliandika jina kamili makusudi, kwa kuwa nusu ya hoja ya Chifu inajibiwa na jina hilo. Hii si hifadhi ya taifa. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, hekta 8,380 za Usambara Mashariki. Kinachohifadhiwa ni msitu. Wanyama wamo, ndiyo, lakini wamo kama wapangaji. Stakabadhi inasema tulilipia nyumba.

Kutoka Sigi barabara inapanda kona kwa kona, na kwenye kona mojawapo Mjomba aliomba abiria wote tushuke, tutembee. Watu walilalamika kwa dakika mbili, kisha sauti zikapungua zenyewe. Singeli ilikuwa imebaki garini. Kulikuwa na baridi ya mvuke, harufu ya majani yaliyooza vizuri (ipo harufu hiyo, aliyelima anaijua), na juu yetu miti iliyokuwa ikidondosha maji wakati mvua hainyeshi. Masikio yalikuwa yameziba. Dada wa mapokezi aliyevaa viatu vya visigino alivivua akavibeba mkononi, na hakuvivaa tena hadi Jumapili.

Juu ukifika, mashamba ya chai yanaupokea msitu bila onyo. Hatua moja uko gizani, ya pili uko kwenye kijani kilichokatwa sawasawa kama nywele za kijana anayekwenda kwenye usaili.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kijiji kimojawapo cha hukohuko, mpole, anayeongea kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. La kwanza aliloomba ni spika ibaki. La pili, tutembee kwa mstari na tusipigane picha kila baada ya mita tano. Hilo la pili halikutekelezeka.

Tulipokuwa tumetembea kama nusu saa Chifu alishindwa kuvumilia. "Kaka, samahani. Wanyama saa hizi wanakuwa wapi?"

"Wapo, mzee. Umeshawapita kama watano."

Akaturudisha nyuma hatua kumi, akainama, akanyoosha kidole kwenye jani. Kwenye jani palikuwa na chura. Nasema chura, lakini nimepika wali wenye punje kubwa kuliko yule. Chifu aliinama, akasimama, akapangusa miwani, akainama tena. "Huyu naye unamhesabu?"

Mimi nilimhesabu. Nilikuwa na daftari la michango, na kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Nikaandika: chura, 1. Toka hapo nikawa karani wa safari, na ndiyo maana majibu haya yana takwimu.

Katika mti mmoja mrefu, wa gome la kijivu, Chifu alisimama akausifia. Kwa kweli ulikuwa umenyooka kama nguzo. Mwongozaji akacheka kidogo. "Huo mhesi. Huo ni mgeni." Kisha akatupa habari ambayo ilimwamsha Chifu kuliko chura. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakawa wanaleta miti ya kila upande wa dunia kuijaribu: mikwinini kwa dawa ya malaria, mpira, kahawa, viungo. Mhesi nao uliletwa, kutoka kanda ya Ziwa Victoria. Jina lake la kitaalamu linamkumbuka Emin Pasha. Ulikaa kwa adabu kwa miaka mingi. Halafu miaka ya 1970 na 1980 mashine za kukata mbao zikaingia msituni, zikafungua nafasi, na mhesi unapenda jua. Ukajaa. Ukataji ulikuja kusimamishwa, lakini mgeni alikuwa ameshapanga vyombo.

"Na mbegu nani anazisambaza?" akauliza Chifu.

Swali lilijibiwa na jambo lenyewe. Juu ya vichwa vyetu ikapita sauti, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa angani. Hondohondo wawili, weusi, midomo kama panga. Wanakula tunda la mhesi, wanaruka nalo mbali, mbegu wanaziacha huko.

"Huyo ndege," akasema Chifu, "anasafirisha mzigo bila manifesti." Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu Tanga. Hondohondo, 2.

Karibu na kijito, kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani, tukaonyeshwa mmea mdogo wa majani yenye manyoya, na maua machache ya zambarau. Bosi wetu, ambaye amewahi kuishi Ujerumani, alitambua mara moja. Huko kila mama mzee anao mmoja kwenye chungu dirishani. Unaitwa Saintpaulia, na jina hilo ni la mkuu wa Kijerumani aliyetawala wilaya yetu ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeuona mwaka 1892 na kumpelekea babake huko kwao. Mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi, na tangu hapo umezalishwa na kuuzwa duniani kwa mamilioni. Tulisimama wafanyakazi 18 wa uwakala wa forodha wa Tanga, tukilitazama jambo lililotoka kwetu bila tamko, bila ushuru, bila chochote. Hata jina la kwetu halikupakiwa. Nililiandika kwenye daftari ingawa si mnyama.

Mbega tuliwaona mchana, mbali sana, mikia meupe ikining'inia kama pindo za pazia. Wanne, labda watano. Nimeandika wanne. Kima walikuja wenyewe hadi nyumba ya wageni wakaiba maandazi ya Mjomba, hao siwahesabu kama vivutio.

Sasa usiku. Hapa naomba wasomaji wavumilie, kwa sababu kama ningekuwa na uwezo 70,000 zote ningeziandikia usiku ule.

Tulikuwa tumemaliza kula. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa barazani na mablanketi, watu wanasimulia habari za majini kama kawaida ya watu wa Tanga wakikutana na giza. Mara kule msituni likaanza jambo. Kwanza lilikuwa mlango mkuukuu ukifunguliwa polepole, kriii, kriii. Kisha likapanda, likapanda, likawa mtu anayenyongwa na hataki. Likanyamaza. Likajibiwa kutoka upande wa pili. Bi Mkubwa wa stoo akaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti, na Mkatoliki aliyekaa pembeni yake akamshika mkono amalizie haraka.

Mwongozaji alikuwa anakunywa chai. "Perere huyo," akasema.

Perere ni mnyama wa kukaa mitini, ukubwa wake kama sungura mnene. Hana pembe, anakula majani. Ile sauti yote ni ya kumwambia mwenzake kwamba mti huu una mwenyewe. Halafu kijana akaongeza jambo ambalo nilidhani anatutania, mpaka bosi akathibitisha: katika wanyama walio hai leo, ndugu wa karibu kabisa wa pimbi na perere ni tembo na nguva. Nguva huyuhuyu wa baharini. Nikamgeukia Chifu. Nikaandika mbele ya macho yake: tembo, binamu, kwa sauti, 2.

Saa tatu mwongozaji akauliza nani anataka kwenda kuona vinyonga. Tulinyanyuka wanane. Mimi sikutaka. Nimelelewa na bibi Pangani, na kwa bibi kinyonga alikuwa mkosi. Akionekana kwenye njia mnarudi, na anayemcheka anaambiwa atatembea vile vile. Nilikwenda kwa sababu mhazini akibaki, watu wataenda na hesabu isiyo na karani.

Kinyonga mchana humwoni, ndiyo kazi yake. Usiku akilala anapauka, rangi yote inamtoka, na ukimulika tochi majanini anang'aa kama upande wa chini wa jani. Siri ni kutotafuta mnyama. Unatafuta kitu kilichopauka. Wa kwanza alionwa na mwongozaji, wa pili naye, wa tatu niliuona mimi, na sijui niwaeleze vipi: alikuwa mwishoni kabisa mwa kitawi chembamba, mkia amejisokota kama waya wa simu za zamani, miguu imeshika kwa ule mshiko wa koleo. Amechagua mwisho wa kitawi, alisema kijana, kwa sababu nyoka akija tawi litatikisika, naye ataamka. Maskini. Analala kwenye kengele yake mwenyewe.

Wengine walikuwa wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, rangi ya jani kavu, wamelala kwenye mabua ya chini kabisa ambayo mchana tuliyakanyaga. Na saa nne na robo tukampata mkubwa, dume, mwenye pembe tatu puani kama kifaru aliyeongezewa posho. Wataalamu wamempa jina la Derema, shamba la chai lililo hukuhuku juu. Jicho lake moja likafunguka. Likazunguka pole pole, likatupita mmoja mmoja, likafika kwangu, likakaa. Jingine lilibaki limefumba. Hakusogea. Kijana akatuambia tuzime tochi tumwache alale, na tukazizima, na kwa muda tulisimama gizani watu wanane tukimheshimu mjusi.

Vinyonga, 11. Bibi anisamehe.

Chifu hakuwepo. Alikuwa ndani, anatafuta mtandao wa kuangalia matokeo ya mpira. Jambo hili nilitaka liingie kwenye kumbukumbu.

Jumapili asubuhi tulishuka kwa miguu hadi mtoni, na hapo ndipo hesabu ilipobadilika mkono. Maji yalikuwa baridi ya kukata, safi, mawe ya chini yanaonekana moja moja. Kijana akatueleza kwamba vijito hivi vyote vinaishia mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo mabomba ya Tanga mjini. Nusu yetu hatukuwa tunajua. Nilikuwa nalipa bili ya maji ya ofisi kila mwezi kwa miaka sita, naiingiza kwenye kitabu, nagonga muhuri, na sijawahi hata siku moja kujiuliza maji yanalala wapi kabla ya kuja kwetu.

Chifu, kumbe, alikuwa na zaidi ya bili. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilipouza ile hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 (ukiinunua, umeikopesha mamlaka kwa riba), Chifu alinunua, na wiki nzima alitutangazia. Riba asilimia 13.5 kwa mwaka, miaka kumi. Sasa alisimama pale kwenye jiwe, suruali ameikunja hadi magotini, akaanza kumweleza mwongozaji kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekutana na ng'ombe wake mwenyewe malishoni. Kwamba amewekeza kwenye maji haya haya. Kwamba kila baada ya miezi sita kuna kinachoingia.

Kijana alisikiliza kwa makini sana. Akaeleza na yeye ya kwao: kwamba zamani walilima hadi ukingoni, iliki ikipandwa ndani ya msitu na miti ikipunguzwa ili ipate mwanga, kwamba waliwahi kuja watu wa kuchimba dhahabu, mto ukawa tope, kwamba sasa wakulima wa bonde la Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, wanaacha kingo zipumue na kupanda miti. Babake ameacha kipande cha shamba. Kilikuwa kizuri, alisema, kilikuwa kinatoa magimbi.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia: "Kwa hiyo hiyo asilimia 13 na nusu, sisi wa huku juu inatufikia ngapi?"

Chifu akafungua mdomo. Akaangalia maji. Akasema hilo atauliza.

Sina jibu la kumwandikia hapa, na mimi ni mhasibu. Najua kuna misaada ya miche na semina, na najua pia kwamba semina haiivi kama gimbi.

Njiani kurudi tulisimama kijijini kununua viungo. Mama aliyeniuzia iliki aliniambia kabla ya iliki alikuwa akifuga vipepeo. Si utani. Kuanzia mwaka 2003 wanavijiji wa huku, wengi wao akina mama, walifuga vipepeo vya msituni kwenye vibanda vya neti, wakapeleka mabundo (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Kipepeo anakula mmea wa msituni, kwa hiyo ukitaka hela ya kipepeo unautunza msitu. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, ya vipepeo yakaenda na ya tumbili na kobe. Lengo la katazo nalielewa, watu walikuwa wanatorosha wanyama. Lakini kumweka mama mwenye neti na mimea ya kulishia viwavi kwenye kapu moja na mtorosha tumbili ni kazi ya mtu asiyesoma kilichomo ndani ya kontena. Neti yake sasa inafunika kuku.

Nilinunua iliki ya shilingi 11,500, ndiyo pesa yote iliyokuwa imebaki kwenye bahasha.

Kwa hiyo taarifa niliyoibandika kwenye kundi Jumatatu saa mbili asubuhi ilisomeka hivi: makusanyo 1,260,000, gari, malazi, chakula, kiingilio na mwongozaji 1,248,500, baki 11,500, imekuwa iliki, iko jikoni ofisini kwenye kopo la majani ya chai. Simba 0. Tembo 0, binamu wawili. Mbega 4, hondohondo 2, vinyonga 11, chura 1. Kima hawakuhesabiwa kutokana na mwenendo. Maji, tazama bili ya kila mwezi.

Chifu alijibu kwa neno moja: "Imepokelewa."

Saa nne alikuja jikoni na kikombe chake. Iliki ilikuwa imeshachemka, ofisi nzima inanukia. Alikunywa amesimama, akamimina cha pili, akafungua bomba akakisuuza kijiko kwa muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji. Kisha akaniuliza kama namba ya simu ya yule kijana ninayo.